Daftari la Penseli

Bango linasema PROBERT NA MWANA,
na mwana huyo, kwa hesabu ya leo, ni mimi,
binti ambaye mikono yake haitakati grisi hata Krismasi.
Hatujaandika bango jipya. Rangi ni ghali,
na Cwmhelyg nzima inajua ni nani hulala chini ya magari yao.

Alianza Ithel, babu yake baba, kwa fuawe na mivukuto.
Alivalisha farasi viatu hadi mwaka ule wa kumi na nne,
walipokuja askari na kamba na karatasi,
wakaondoka na farasi thelathini na mmoja wa bonde letu.
Wengine alikuwa amewapiga misumari asubuhi ileile.
Hakurudi hata mmoja.
Ukutani vikabaki viatu,
vimetundikwa kwa saizi, bila miguu.

Vita vikaisha. Gari la daktari likazimika mlimani
katika ile mvua yetu isiyo na haraka,
likasukumwa hadi mlangoni na wachimba mawe sita.
Ithel akalizunguka kama azungukavyo farasi mkali,
akaliwekea kiganja ubavuni,
akasikiliza.
Pini ilikuwa imekatika. Akafua nyingine kwa msumari wa kwato.
"Nitalipa Ijumaa," alisema daktari.
Ndio mstari wa kwanza wa daftari:
Dkt. Vaughan, pini moja, peni sita.

Mwanawe, Idwal, akaleta pampu,
ndefu, nyekundu, ya kichwa cha kioo;
ukizungusha mkono, petroli inapanda ukiiona.
Watoto walichelewa shule kwa kuitazama.
Ithel hakuipenda. "Farasi," alisema,
"akishiba hukutazama."

Daftari alilishika Gwladys, mke wa Idwal,
penseli sikioni kama seremala.
Wino aliukataa.
Dawa ya deni ni kulipa, tunajua sote,
ila yeye alikuwa na dawa ya pili: kifutio.
Machimbo yalipomporomokea Tudno Rees
akiwa na deni la tairi nne za lori,
Gwladys alifuta usiku, peke yake, jikoni,
akafuta hadi karatasi ikachakaa.
Ukiuinua ukurasa ule dirishani
mwanga unapita.

Baba, Meurig, alikuwa na maneno machache na masikio makali.
Kanisani, katikati ya sala, gari lilipita nje;
akanong'ona, "Valvu ya tatu," kisha jina la mwenye gari,
na mama akamfinya.

Halafu barabara kuu ikapita nyuma ya mlima.
Kampuni ya mafuta ikaleta barua: uzeni maradufu, au basi.
Wakaja wakajaza tangi zege.
Kaka yangu Gethin akaenda mjini kuuza bima,
na baba hakusema neno.
Kesho yake nilikuta ovaroli lake la zamani
limepunguzwa mikono, limeshonwa upya,
juu ya kiti changu.

Jumanne iliyopita likaingia gari la umeme,
kimya, kama paka anayejua jiko lilipo.
Pancha, gurudumu la nyuma.
Nikaweka kiganja ubavuni, kwa mazoea,
nikasikiliza; hakuna cha kusikiliza.
Nikang'oa, nikaziba, nikajaza upepo.
Mwanamke akapitisha kadi yake,
na kwenye risiti nikasoma: Vaughan.

Daftari lilikuwa rafuni, nyuma ya bega langu.
Ile Ijumaa bado haijafika.
Sikumwambia. Sikufuta pia.

Alikuwa ameinua macho ukutani.
"Vile viatu vya farasi," akauliza, "vinauzwa?
Vingependeza juu ya mlango."

Nikafuta mikono, taratibu, kidole kwa kidole.

"Haviuzwi," nikamwambia. "Vina wenyewe."